Je, wajua kwa nini keki ya harusi ya ghorofa tatu haibomoki?

Mgeni anayeitazama keki ya ghorofa tatu katika ukumbi wa harusi jijini Dar es Salaam huona kitu laini kilichopandishwa juu ya kitu laini kingine, na hujiuliza ghorofa ya chini inawezaje kuzibeba zile mbili za juu bila kubonyea. Jibu ni kwamba haizibebi. Ndani ya keki hiyo mna nguzo, na kazi ya kuzipima na kuzisimamisha ni miongoni mwa mambo yanayoitofautisha bei ya keki ya kuagiza na bei ya keki ya dukani.

Mwokaji akishaipaka krimu ghorofa ya chini na kuusawazisha uso wake, huchora juu yake duara lenye ukubwa wa kibao cha ghorofa inayofuata, kisha huchomeka kijiti kimoja ndani ya duara hilo mpaka kiguse ubao wa chini, hutia alama pale kinapotokeza kwenye krimu, hukichomoa na kukikata kwenye alama. Vijiti vingine vyote, viwe vya mbao au vya plastiki ngumu, hukatwa kwa kipimo cha hicho cha kwanza hata kama uso wa keki umeinama kidogo upande mmoja, kwa sababu kinachotakiwa kulingana ni vichwa vya nguzo. Kijiti kimoja kikizidi vingine kwa milimita chache tu, ghorofa ya juu huinama, na jicho la mpiga picha huuona mwinamo huo kabla ya jicho la mama mkwe. Kila ghorofa huketi juu ya kibao chake, kibao hukaa juu ya vijiti, na uzito hushukia vijitini hadi mezani. Mwisho hupitishwa kijiti kimoja kirefu kilichochongwa ncha, kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini, ili ghorofa zisiteleze kwenda kando. Maana hatari kubwa ya keki iko njiani, kwenye matuta na kwenye breki za ghafla. Ndiyo sababu waokaji wengi husafirisha kila ghorofa peke yake na kuziunganisha ukumbini.

Keki za zamani za Ulaya zilikuwa na nguvu zake zenyewe. Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa London mwezi Novemba 1947, keki yake ilikuwa na ghorofa 4, kimo cha futi 9 na uzito wa takriban kilo 225. Ilikuwa keki ya matunda yaliyokaushwa, iliyoshikana vizuri, na keki za namna hiyo hufunikwa kwa sukari laini iliyopigwa pamoja na ute wa mayai, ambayo ikikauka huwa ngumu kama chokaa ukutani. Wateja wetu wanataka umbo lile lile la mnara, ila ndani wanataka vanila laini inayoyeyuka mdomoni, na wanaitaka mwezi Februari.

Hapo ndipo joto la pwani linapoingia. Keki ya siagi huumuka kutokana na hewa inayonaswa wakati siagi na sukari zinapopigwa pamoja: chembe za sukari hutoboa siagi na kuacha viputo vidogo, na baadaye hamira ya unga huvikuza viputo vilivyokwishakuwamo badala ya kuunda vipya. Kazi hiyo hutaka siagi yenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 21 hivi. Siagi iliyoachwa mezani mchana wa Dar es Salaam, katika nyuzi 30 na zaidi, imekwisha kulegea na haishiki hewa, kwa hiyo agizo la vitabu vingi vya mapishi la kutumia siagi yenye joto la chumba halifai hapa. Fondanti nayo, yaani donge laini linalosukumwa na kufunikwa juu ya keki, ambalo sehemu yake kubwa ni sukari, hunyonya unyevu wa hewa. Ikitolewa kwenye friji na kuwekwa kwenye ukumbi wenye joto hutoka jasho, rangi zikachuruzika na maua yakalegea. Wachaga, ambao katika sherehe zao hukata ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, walichagua keki isiyohitaji kiyoyozi.

Jambo ambalo wateja wengi hawalioni ni hesabu ya ukubwa. Mtu husema, "Niongezee inchi mbili tu," akidhani ameomba kidogo, kumbe kwa keki za kimo kimoja kiasi cha mchanganyiko hufuata mraba wa kipenyo. Ikiwa ghorofa ya inchi 6 imechukua kilo 1, yaani siagi, sukari na unga gramu 250 kila kimoja pamoja na mayai 5, basi ya inchi 10 itataka karibu kilo 2.8. Hata kutoka inchi 8 kwenda inchi 10 ni nyongeza ya zaidi ya nusu, na krimu na muda wa oveni huongezeka pia. Bado hujahesabu waridi la sukari, ambalo hukunjwa petali moja baada ya nyingine, kila moja ikikonda kwenye ukingo, kisha huachwa likauke kabla halijaguswa tena. Binafsi naona kulipunja waridi hilo bei ni kumpunja mtu usingizi wake.

Keki ikishakabidhiwa, mwokaji makini huwaachia wahudumu wa ukumbi karatasi yenye idadi ya vijiti vilivyomo katika kila ghorofa, ili wanapoipeleka nyuma kuikata wavihesabu vyote kabla sahani ya kwanza haijatoka.