Dakika kumi kwako, kumi kwake: dhana potofu kuhusu redio ya umma kutoegemea upande

Huku Nyanda za Juu Kusini redio bado ina nguvu. Dereva wa daladala kati ya Uyole na Mbalizi, mama anayeuza ndizi Mwanjelwa, mchuma chai wa Mufindi, wengi wao husikia habari za siasa kabla hawajazisoma popote. Ndiyo maana ukiibuka mjadala mkali, uwe wa katiba, uchaguzi au ardhi, lawama ya kwanza huangukia redio: imebeba upande. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki kabisa. Mara nyingine inatokana na kutojua redio ya umma inadaiwa nini hasa, na kutojua huko kunawafaa sana wale wanaotaka mambo yabaki yalivyo. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, vijiweni hata ndani ya vyumba vya habari.

"TBC ni ya serikali, kazi yake ni kuisemea serikali"

Dhana hii imeshika mizizi kwa sababu ya historia. Utangazaji wetu ulianza mwaka 1951 na Sauti ya Dar es Salaam, ukawa shirika mwaka 1956, kisha mwaka 1965 ukageuzwa kuwa idara ya serikali kwa jina ambalo wazee wetu wanalitaja mpaka leo, Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ilikuwa sauti ya serikali katika nchi ya chama kimoja, na haikuficha hilo. Lakini mwaka 2002 ikaja Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 ikazaliwa TBC kama shirika la utangazaji wa umma. Umma ni sisi sote. Mkulima wa viazi wa Uporoto akinunua vocha au sabuni analipa kodi, na kodi haiulizi kadi ya chama.

Sheria nayo haikukaa kimya. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya 1985, iliyotumika katika chaguzi za vyama vingi kuanzia 1995, iliwapa wagombea urais na vyama haki ya kutumia redio na televisheni ya serikali wakati wa kampeni, na ikavitaka vyombo vya habari vya serikali viepuke upendeleo wa aina yoyote. Kwa hiyo anayesema TBC ina wajibu wa kukipendelea chama kinachotawala anaitetea tabia, wala haielezi sheria.

Tatizo lipo kwingine. Rais ndiye anayemteua mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mkuu wa shirika, na Rais huyohuyo ndiye anayewateua mawaziri. Mtangazaji anayetakiwa kumbana waziri kwa maswali anajua fika bosi wake amewekwa na nani. Hapo ndipo pa kudai mabadiliko. Kuinua mabega na kusema ndivyo ilivyo ni kuwaachia wengine mali yetu.

"Usawa ni kugawa dakika"

Kipindi cha kampeni, saa ya ukutani inasaidia. Mgombea huyu akipewa nusu saa, na mwenzake apewe nusu saa. Ni kipimo chepesi kukagua, na kila chama kinaweza kuhesabu chenyewe. Wamarekani waliliweka hilo katika sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1934: kituo kikimpa mgombea nafasi, wapinzani wake wapewe nafasi ileile. Mwaka 1959 wakalazimika kuiondoa taarifa ya habari kwenye kanuni hiyo, maana haiwezekani kuandaa habari za siku kwa kupima sekunde za kila mgombea.

Dakika zina mipaka. Nusu saa ya saa mbili usiku, watu wakiwa wamekaa mezani, haiwi sawa na nusu saa ya saa tano usiku wakati Makete yote imejifunika mablanketi. Na hata muda ukilingana kabisa, sikiliza maswali. Mgeni wa kwanza anakaribishwa hivi: "Mheshimiwa, wananchi wangependa kusikia mafanikio yaliyopatikana." Wa pili anakaribishwa hivi: "Sasa ninyi mbona kila kitu mnapinga?" Kila mmoja amepata dakika kumi zake. Mmoja amezitumia kujisifu, mwingine amezitumia kujitetea. Msikilizaji wa Tukuyu anaondoka na picha iliyokwisha kuchorwa, na hesabu ya dakika haitamwonyesha nani ameichora.

Kutopendelea kwa kweli kunaanzia kwenye ugumu wa maswali. Aliyeshika madaraka aulizwe aliyoyafanya na fedha zimekwenda wapi. Anayeyataka madaraka aulizwe atafanya nini na fedha atazitoa wapi. Wote wawili waulizwe mpaka wajibu.

"Kila suala lina pande mbili"

Nikichagua dhana moja inayotuumiza zaidi huku kwetu, ni hii, na nitaieleza kwa mfano wa Usangu.

Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ndilo linalopokea mito ya safu zetu za milima na kuikusanya kuwa Ruaha Mkuu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mto huo ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ukaanza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ikatangazwa pori la akiba. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa na ng'ombe wao. Mwaka 2008, kwa tangazo la serikali namba 28, eneo hilo likaingizwa kwenye hifadhi, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa miaka mingi baadaye.

Sasa mhariri wa redio anataka kipindi chenye usawa. Anamleta mkuu wa wilaya upande mmoja na mbunge upande wa pili, anafunga mahesabu. Kumbe hapo ameziacha nje sauti karibu zote zinazohusika. Yuko mkulima mdogo wa mpunga anayechepusha maji kwa mfereji. Yako mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga. Yuko mfugaji aliyehamishwa. Wapo wahifadhi wenye viboko na mamba wanaobanana kwenye madimbwi yanayopungua kila siku. Wapo wavuvi wa bwawa la Mtera. Liko shirika la umeme linalotegemea maji hayohayo kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, maana yake hata kinyozi wa Dodoma ana hisa katika mjadala huu. Na yuko mama ambaye asubuhi moja alikuta kigingi cha mpaka kimesimikwa upande wa pili wa shamba lake, wala hajawahi kuulizwa na redio yoyote.

Kuna jambo la pili. Kwa muda mrefu lawama za kukauka kwa mto zilielekezwa kwa ng'ombe, na zikarudiwa hewani mpaka zikawa kama ukweli. Utafiti uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ulionyesha kuwa chanzo kikubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Redio iliyowapa "pande mbili" muda sawa bila kuwaeleza wasikilizaji matokeo hayo ilikuwa na usawa wa saa na upungufu wa ukweli. Familia zilizohamishwa ndizo zilizoulipia upungufu huo.

"Ukimleta mtaalamu, lazima umlete na anayempinga"

Hii ni ndugu ya dhana iliyotangulia, na waliowahi kuiangukia ni wakubwa. Agosti 2017, BBC ya Uingereza ilimhoji mwanasiasa mkongwe Nigel Lawson kuhusu mabadiliko ya tabianchi, akatoa madai yasiyo sahihi kuhusu joto la dunia na hakupingwa ipasavyo. Mwaka uliofuata Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji huko, ikaamua kuwa kanuni za usahihi zimevunjwa. BBC yenyewe ikawaelekeza wahariri wake kwamba hawahitaji kumleta anayekana tabianchi kubadilika ili mjadala uonekane una usawa. La kufanya kuhusu jambo hilo linabishaniwa, na hapo wanasiasa wa kila rangi wakaribishwe. Kama jambo lenyewe lipo, hilo halipigiwi kura.

Huku kwetu gharama ya kosa hili ni uhai wa watu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliiweka Njombe juu kuliko mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa ikifuata kwa 11.3. Studio ya Njombe au Mafinga ikimweka daktari wa CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, upande mmoja na muuza dawa anayedai kuponya Ukimwi upande wa pili, kisha mtangazaji akasema "msikilizaji, amua mwenyewe", atakuwa amemwacha mgonjwa aamue kuhusu dozi yake kwa ufasaha wa maneno ya mtu. Sioni namna yoyote ya kulitetea hilo.

"Wengi wape"

Kwenye sanduku la kura, sawa. Kwenye mjadala, hapana. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, na takribani 20 tu ndio waliotaka vyama vingi. Nchi ikawasikiliza wale 20, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Siku hizo redio ingegawa nafasi kwa kufuata wengi, hoja iliyoibadilisha nchi isingesikika.

Tena wengi wa leo si wengi wa kesho. Jimbo la Mbeya Mjini na la Iringa Mjini yote yalichagua wabunge wa CHADEMA mwaka 2010 na 2015, na mwaka 2020 yote mawili yakatangazwa kuwa ya CCM. Mtangazaji anayemkejeli mwenye wachache leo ajiulize atamtazamaje kesho.

"Redio inatangaza kilichotokea, basi"

Waandishi wengi wa mikoani ni wawakilishi wanaolipwa kwa kila habari inayotumika, na malipo yenyewe ni kidogo. Kutoka Njombe mjini kwenda Ludewa ni safari ya nauli, chakula na pengine kulala. Mwenye msafara wa magari na posho ya waandishi ndiye anayefikisha mkutano wake hewani. Chama kidogo kinachofanya mkutano kijijini bila gari la kumbeba mwandishi, kwa upande wa msikilizaji ni kama hakikukutana. Hakuna mhariri aliyeamua kukinyima nafasi, nauli imeamua. Kwa hiyo chombo cha umma kisichotenga fedha ya kumpeleka mwandishi wake kwa gharama zake hakiwezi kudai hakipendelei, hata kama kila mtu ndani yake ana nia njema.

"Redio binafsi ndizo huru"

Baadhi ni huru, na zimefanya kazi nzuri. Lakini RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa kituo binafsi. Baadhi ya waliokuwa nyuma yake walihukumiwa hapa kwetu Arusha, Desemba 2003. Umiliki pekee haumhakikishii msikilizaji lolote. Redio binafsi nayo ina mwenye mali na ina wafanyabiashara wanaolipia matangazo, wasiotaka kuudhiwa.

"Mjadala ukiwa mkali, salama ni kunyamaza"

Mwaka 2014 Watanzania walilifuatilia Bunge Maalum la Katiba moja kwa moja hewani, wakabishana kuhusu Muungano wa serikali mbili au tatu wakiwa wamesikia hoja kwa masikio yao, hadi siku ile UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka ukumbini. Januari 2016 serikali ikatangaza kuwa TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama. Baada ya hapo nani asikike na nani akatwe likawa jambo la mhariri na mkasi wake. Kunyamaza ni kuchagua, na mara zote hufaidisha aliyekwisha kuwa na nguvu.

Na wapo waliolipa kwa kutonyamaza. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia. Mwangosi alikwenda Nyololo kwa sababu lilikuwapo tukio ambalo wananchi walistahili kulijua. Kila ninapomsikia mhariri akisema "hiyo tuiache, ina siasa", namfikiria yeye.

"Msikilizaji hana la kufanya"

Analo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Ukisikia kipindi kilichoegemea upande, andika jina la kituo, jina la kipindi, tarehe, saa, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Ukiweza, rekodi kwa simu. Anza na kituo chenyewe, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Wasipojibu, yapo Baraza la Habari Tanzania, linalosuluhisha malalamiko ya kimaadili, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yenye Kamati ya Maudhui. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapahapa Mbeya. Malalamiko yasemayo "redio fulani wabaya" hayafiki popote. Yenye saa, tarehe na nukuu yanamlazimu mtu ayajibu.