Yule samaki wa wasap hajavuliwa Ziwa Victoria

Wiki hizi simu ya ofisi yetu ya uvuvi haipumziki. Video ni ile ile, samaki mweusi mwenye meno kama misumari na kijitaa kinaning'inia mbele ya mdomo, mmoja kaandika kavuliwa Ukerewe, mwingine Igombe, na jana imenifikia inayosema Musoma. Samaki mmoja, mialo mitatu! Nimeelekezwa nitoe ufafanuzi, natoa.

Samaki huyo yupo kweli, kwa Kiingereza anaitwa anglerfish, ila ni wa bahari kuu. Ziwa letu pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, wastani ni mita 40 hivi. Baharini watu wa fani wanaanza kusema kina kirefu kuanzia mita 200, ukifika 1,000 mwanga wa jua haupo kabisa, na shimo la Mariana kule Pasifiki linakaribia mita 11,000. Kila ukishuka mita 10 mgandamizo wa maji unaongezeka kama kilo moja kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo kule chini ni zaidi ya tani moja imekalia kucha yako ya kidole. Tena huyo ni wa maji chumvi, sasa Ukerewe kafikaje, kapanda Mto Nile na maporomoko yake yote? Hilo watu hawajiulizi, wanafowadi tu.

Kile kijitaa wavuvi wa dagaa mtakielewa haraka kuliko mtu yeyote. Si usiku wa giza mnawasha taa dagaa wanajileta wenyewe? Ndo hivyo hivyo, ila taa yake inawashwa na bakteria wanaoishi humo humo ndani, na mwenye taa ni jike. Dume ni kadogo sana, na kwenye baadhi ya jamii zao likimpata jike linamng'ata linagandia hapo hapo mpaka miili inaungana na damu inakuwa moja. Kuna aliyeniuliza kama hiyo inafaa kuwa dawa ya kutuliza ndoa. Hilo siyo la idara yetu.

Kuna na yule mwingine wa picha za kuchekesha, blobfish, wa rangi ya waridi, uso umelegea kama uji uliomwagika. Jamani, huyo akiwa kwao, chini huko upande wa Australia, ni samaki wa kawaida tu, mwili wake ni laini kama jeli na maji ndo yanaushikilia. Mnajua sangara akivutwa haraka kutoka chini bondo, ule mfuko wake wa hewa, linavimba mpaka tumbo linatokea mdomoni, na huyo katoka mita hamsini, sembuse aliyetoka mita elfu moja? Mnacheka maiti iliyoharibika.

Wanaowachunguza samaki wa kina hicho hawaendi na mtumbwi. Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka mpaka chini ya Mariana ndani ya chombo kinaitwa Trieste, ila siku hizi kazi kubwa inafanywa na roboti zenye kamera na mikono, zimefungwa kebo kutoka melini. Taa nyeupe inawafukuza viumbe, kwa hiyo wanatumia nyekundu ambayo wengi wa huko hawaioni, na kwa njia hiyo mwaka 2012 karibu na visiwa vya Ogasawara, Japani, ngisi mkubwa sana, giant squid, akarekodiwa video akiwa hai kwao. Wengine wanachota maji tu na kupima DNA iliyobaki humo, wanajua nani kapita.

Mkitaka maajabu ya Tanzania, silikanti, yule samaki wa kale, yupo Tanga. Sayansi ilidhani katoweka zamani za dinosaria, mwaka 1938 akapatikana Afrika Kusini, na miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa kwenye majarife. Ndugu yake wa mbali mnamla kila siku: kamongo, anayepumua hewa kwa mapafu. Hakuna aliyewahi kunitumia video ya kamongo.

Sasa utaratibu. Ukipata samaki usiyemjua usimpasue, usimtie chumvi, usimkaushe. Mpige picha ubavu wa kushoto ukiweka rula pembeni, siyo soksi, siyo mkono wa mtoto, rula. Andika tarehe, mwalo, kina, aina ya nyavu na ukubwa wa macho ya nyavu, weka kwenye barafu, toa taarifa kwa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, au Afisa Uvuvi wa eneo lako, ambaye ndiye atatuletea. Picha isiyo na tarehe na mwalo haipokelewi.

Na kwa wanaotunga vichwa vya habari, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Naamini wengi mlifowadi bila nia mbaya.

Mwisho, ofisi hainunui samaki wa ajabu. Na aliyepiga simu mara nne kuulizia silikanti ni shilingi ngapi kwa kilo, yule analindwa, hauzwi.