Kinyama Kilichokatwa Kwenye Kizazi Husomwaje? Maswali na Majibu

Kwa nini majibu ya kinyama huchukua siku nyingi?
Kinyama hakisomwi kibichi. Hulowekwa kwenye fomalini kisioze, huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa tabaka za maikroni 3 hadi 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha hutiwa rangi, na hapo ndipo mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma vinyama, hukiweka kwenye hadubini. Simu za ndugu haziharakishi kazi hiyo, kwa kuwa fomalini yenyewe hupenya polepole.

Mwanapatholojia anatafuta nini katika kinyama cha mlango wa kizazi?
Kwanza hutazama kama seli zilizobadilika zimebaki kwenye utando wa juu au zimeuvunja na kuzama chini yake. Zikiwa bado juu, hiyo ni hali tangulizi, si saratani. Zikiwa zimezama, kina hupimwa kwa milimita ili kujua hatua ya saratani, yaani imefika wapi: kisichozidi 3 ni hatua ya IA1, kinachozidi 3 hadi 5 ni IA2, na kikizidi 5 huwa IB au zaidi. Milimita hizo chache huweza kuamua kama mwanamke anayetaka bado kuzaa ataondolewa kipande chenye umbo la pia tu, au kizazi kizima. Kwa sababu hiyo hatua ya IA haithibitishwi kwa kinyama kidogo kilichonyofolewa kliniki, maana huenda sehemu iliyozama zaidi ikawa imebaki mwilini.

Daraja la 3 ni sawa na hatua ya III?
La, ingawa wengi hupatwa na hofu bure kwa kuchanganya mambo hayo mawili. Daraja hueleza jinsi seli zilivyopotoka umbo. Hatua hueleza saratani imefika wapi.

Je, hatua hutajwa na maabara peke yake?
Hapana. Daktari hupima nyonga kwa mkono, na tangu mwongozo wa 2018 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, picha za ndani ya mwili na patholojia pia huhesabiwa: saratani ikikutwa kwenye tezi za limfu za nyonga, hatua huwa IIIC1 hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo.

Uvimbe wa misuli ya kizazi ukishatolewa, kuna haja ya kuupeleka maabara?
Ipo. Uvimbe huo, yaani faibroidi, mara nyingi mno si saratani, lakini sarkoma, ambayo ni saratani ya misuli hiyo, huweza kufanana nao kwa macho, na hutambuliwa kwa seli zinazogawanyika kwa wingi, viini vilivyoharibika umbo na sehemu zilizokufa. Ndugu wakishaonyeshwa uvimbe kwenye beseni, waulize kama umewekwa kwenye fomalini na fomu ya maabara imejazwa.