Dawa ya Nairobi: yanayosemwa kaunta na ukweli wake

"Ni kinywaji cha mababu, si ina asali?"

Hapana, dawa, kokteli ya vodka, ndimu na asali, ni ya juzi. Iling'arishwa na Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980, na inafanana sana na caipirinha, kokteli ya Brazili: ndimu, sukari, barafu na cachaça, pombe kali ya huko. Tofauti ni kwamba cachaça imepisha vodka, kisha asali ikaongezwa. Kama ni pombe ya asali ya wazee, ipo muratina ya Wakikuyu, inayochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa. Sisi wenye baa ndogo hatuna haja ya kuizeesha dawa ili iheshimiwe. Imelea vizazi viwili vya wahudumu wa kaunta, na hilo latosha kujivunia.

"Kile kijiti ni pambo."

Kijiti ndicho kinachofanya kazi yote. Asali ikikutana na barafu hukaza. Ukiimimina tu, inazama na kung'ang'ania chini ya glasi, mteja akaanza na ukali mtupu na kumalizia na utamu wa kuchosha. Ndiyo maana kijiti cha mbao huchovywa kwenye asali, kikazungushwa mpaka ishike vizuri, kisha kikasimamishwa kati ya vipande vya ndimu. Mnywaji mwenyewe huponda na kukoroga. Kila akibonyeza, ganda la ndimu linatoa mafuta yake yenye harufu na asali inalegea kidogo kidogo. Apendaye utamu hukoroga sana, apendaye ukali huacha mapema. Baa inayochanganya kila kitu kwenye jagi tangu asubuhi inampokonya mteja raha hiyo, na juisi ya ndimu iliyokaa kutwa huwa imepoa ladha.

"Asali iliyoganda imechakachuliwa."

Imani hii inawaumiza wafugaji nyuki bure, kwani hurudishiwa mali safi kabisa. Asali halisi huganda: glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe, upesi au polepole kutegemea maua waliyotembelea nyuki. Tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu, italegea. Usiichemshe. Nunua kwa mfugaji wa Kitui au Baringo, halafu andika kwenye menyu asali imetoka wapi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo njia bora ya kuuenzi urithi huu.

"Inatibu mafua."

Haitibu. Asali inaweza kutuliza kikohozi, lakini vodka haiui virusi vilivyoko mwilini. Inavuruga usingizi, inapunguza maji mwilini, na ikikutana na baadhi ya dawa za hospitali ni hatari. Mteja akija anakohoa, mpe dawa ya moto ya mikahawani: maji, tangawizi, limau na asali, bila tone la pombe. Wageni wengi hudhani ni kinywaji kimoja, kwa hiyo uliza kabla ya kuandaa: ya moto au ya barafu?

"Bila vodka ya nje si dawa."

Baa kadhaa hutumia Kenya Cane, spiriti ya miwa ya hapahapa, na haiharibu kitu. Cachaça nayo ni ya miwa, kwa hiyo spiriti hiyo inairudisha dawa karibu na jamaa zake wa Brazili. Bei nayo inakuwa ya mtaani.