Eti roketi ndo inakula hela zote? Dhana potofu kuhusu gharama na hatari za roboti za angani

Chombo kikianguka Mirihi au Mwezini, mtandaoni maneno ni yale yale. Huyu anasema hela imeteketea, yule anasema wahandisi hawajui kazi, na hakosi wa kuuliza mbona India wanafanya kwa bei ya chee. Mi nafuatilia hizi misheni muda mrefu sasa na naona karibu makosa yote yanatoka sehemu moja: watu wanadhani hatari ni kitu cha kuondoa, ukilipa vya kutosha inaisha. Haiishi. Unalipa uipunguze hapa, pale unaiacha kwa makusudi, na kazi yenyewe ni kujua umeiacha wapi.

"Roketi ndo inakula hela"

Karibu kila mtu anaiamini hii na inaeleweka, roketi ndo kitu unachokiona, moto, moshi, makelele. Sasa mchukue Europa Clipper, chombo kilichorushwa Oktoba 14, 2024 kwenda kuchunguza Europa, mmoja wa miezi ya Mshtarii. Mkataba wa kukirusha kwa Falcon Heavy ya SpaceX ulikuwa kama dola milioni 178. Misheni nzima, toka kuchora mpaka kuiendesha kulekule, imekadiriwa dola bilioni 5.2. Piga hesabu mwenyewe, roketi haifiki hata asilimia 4.

Zilizobaki zinaenda kwa watu na muda. Kuna wanaochora, wanaounda, wanaokitikisa chombo kwenye mashine za mtetemo, wanaokifungia kwenye chumba kisicho na hewa wakakipasha joto na kukigandisha, halafu wanakuta kasoro wanarudi nyuma hatua tatu, na wote hao wanalipwa mwisho wa mwezi kazi iwe imesonga au imesimama. Ndo maana kuchelewa kunauma kuliko karibu kitu kingine chochote. Curiosity, kigari cha NASA cha Mirihi, ilitakiwa kuondoka 2009, haikuwa tayari, na safari ya Mirihi huwezi kusema ngoja tusogeze wiki mbili, Dunia na Mirihi zinakaa vizuri kwa safari kila baada ya miezi 26 hivi, ukikosa unasubiri zamu nyingine. Ikaondoka Novemba 2011, na makadirio yaliyokuwa kama dola bilioni 1.6 yakaishia kwenye 2.5. InSight, chombo cha kutua Mirihi, nayo ilikosa zamu ya 2016 kwa sababu kifaa chake cha kupimia matetemeko, ambacho lazima ndani kusiwe na hewa kabisa, kilikuwa kinavuja. Kuvuja kadogo tu. Ikaenda 2018 na nyongeza ya karibu dola milioni 150.

"Wakiwa makini hakuna kitakachofeli"

Hapana. Darubini ya James Webb, iliyogharimu kama dola bilioni 10, ilirushwa Desemba 25, 2021 ikiwa na sehemu 344 ambazo yoyote kati ya hizo ikigoma misheni inaweza kuwa imekwisha. Na walizijua zote, walizihesabu, wakaziandika! Huwezi kubeba kivuli cha jua cha ukubwa wa uwanja wa tenisi halafu ubebe na kingine cha akiba. Kwa hiyo pale ambapo huwezi kuweka cha pili unapima, unapima tena, na hiyo nayo ni hela na ni miaka.

Watu wa hii kazi wana jedwali la hatari, upande mmoja uwezekano wa jambo kutokea, moja mpaka tano, upande wa pili madhara yake, moja mpaka tano. Kila hatari ina mtu wake anayeifuatilia na kila moja inaamuliwa: tunaipunguza, tunaiangalia tu, au tunaikubali. Hilo neno kuikubali ndo watu wa nje hawalipendi. Lakini hata bajeti zenyewe ziko hivyo, utaratibu wa NASA kwa miradi mikubwa ni kupanga hela na ratiba kwa kiwango ambacho kuna uwezekano wa asilimia 70 wa kumaliza ndani yake. Maana yake toka siku ya kwanza, kwenye karatasi, wamekubali kwamba kuna asilimia 30 ya kupitiliza. Sasa we unashangaa mradi umepitiliza, wenyewe walishajua inawezekana.

Europa Clipper hiyohiyo, miezi michache kabla ya kuruka, vipimo vikaonyesha baadhi ya transista zake (swichi ndogo za umeme) zinaweza kuharibika kwa mionzi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na Mshtarii mionzi yake ni balaa. Transista zenyewe zilishafungwa ndani ya chombo. Kufungua maana yake kukosa zamu. Timu ikakesha miezi kadhaa inapima, ikaona kwamba chombo kinapita kwenye mionzi mikali kwa sehemu ndogo tu ya kila mzunguko, na wakati kiko mbali transista zinapata nafasi ya kujirudi. Wakaruhusu. Hatari haikuondoka, ila sasa walikuwa wanaijua ukubwa wake.

"Cha bei rahisi lazima kifeli" (na pacha wake: "cha bei kubwa ni salama")

Hapa nikae kidogo maana ndo pana utamu.

Agosti 1993 NASA ilipoteza Mars Observer, chombo cha zaidi ya dola milioni 800, siku chache tu kabla hakijaingia kwenye mzunguko wa Mirihi. Chombo kimoja, mayai yote kwenye kapu moja. Mkuu wa NASA wakati huo, Daniel Goldin, akashikilia sera yake ya haraka zaidi, bora zaidi, nafuu zaidi, yaani badala ya chombo kimoja kikubwa kila baada ya miaka mingi tuma vidogo vingi, kimoja kikifa maisha yanaendelea. Na ikafanya kazi! Julai 4, 1997 Pathfinder ikatua Mirihi ikidundadunda kwenye mifuko ya hewa, ikashusha kigari cha kilo kumi na ushee kinachoitwa Sojourner. Dunia nzima ikashangilia.

Halafu 1999. Septemba Mars Climate Orbiter ikapotea, Desemba Mars Polar Lander nayo kimya. Hivi viwili kwa pamoja viligharimu kama dola milioni 328, yaani chini ya nusu ya Mars Observer peke yake.

Ile ya Climate Orbiter kila mtu anaisimulia kwa sentensi moja, programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya kiingereza, nyingine ikazisoma kama vya metriki, kwisha, kichekesho. Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Makosa ya namna hiyo yapo kwenye kila mradi, swali ni kwa nini hakuna aliyelikamata miezi yote tisa ya safari. Waongozaji wa chombo walikuwa wachache, hawakukijua chombo vizuri, waliona njia haiendi sawasawa na mahesabu na wasiwasi wao haukufuatiliwa inavyotakiwa. Tume iliyopitia miradi ya Mirihi baadaye ikasema mradi wa vyombo hivi viwili ulipewa pungufu ya angalau asilimia 30 ya hela iliyohitajika. Kwa hiyo hela iliyookolewa ilikuwa ni wale watu wa kuuliza "mbona hii namba iko hivi?"

Polar Lander ndo inaniuma zaidi. Ili kupunguza gharama waliamua chombo kisitume taarifa yoyote wakati kinashuka. Kwa hiyo kilipopotea hakuna aliyejua kwa uhakika kimekufaje. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba miguu ilipokunjuka ilitikisa vitambuzi, kompyuta ikadhani imeshagusa ardhi ikazima injini ikiwa bado juu, ila ni kukisia kwa busara, ushahidi haupo. Ukifeli na hujui kwa nini, chombo kinachofuata unakitengenezaje? Kubana matumizi ni sawa, lakini ukibana kwenye kitu ambacho kingekufundisha, hasara inakuwa mara mbili. Toka hapo NASA ikitua Mirihi inahakikisha kuna taarifa zinatoka njia nzima.

Kwa hiyo nafuu siyo tatizo. Tatizo ni kununua misheni ya bei ndogo huku umeahidi matokeo ya bei kubwa.

Na hapa ndo India inaingia. Chombo chao Mangalyaan kiligharimu kama dola milioni 74, ikafika Mirihi Septemba 24, 2014 kwa jaribio la kwanza, wiki hiyohiyo MAVEN ya Marekani iliyogharimu zaidi ya dola milioni 500 nayo ilifika. Watu wakasema Wamarekani wanaibiwa. Ila lengo kuu la Mangalyaan lilikuwa kuonyesha kwamba India inaweza kufika, ilibeba vifaa vitano vyenye uzito wa kama kilo 15 tu, na mishahara ya wahandisi wa kule ni midogo. MAVEN ilikwenda kupima kwa undani jinsi hewa ya Mirihi inavyopotelea angani. Zote mbili zilifanikiwa kwa lengo lake, kulinganisha bei bila kulinganisha kazi ni kujichosha.

"Kitu kilichoshafanya kazi ni salama, tumia hichohicho"

Juni 4, 1996, Ariane 5 ya kwanza, roketi ya Ulaya, ililipuka hata dakika haijaisha. Programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri miaka na miaka. Ariane 5 ilikuwa na mwendo wa pembeni mkubwa zaidi, namba ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, kompyuta ikazima. Ya akiba? Ilikuwa na programu ileile, nayo ikazima. Na kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ile sehemu ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kunyanyuka, ilibaki tu kwa sababu ilikuwepo. Setelaiti nne za sayansi za Cluster zikaenda nayo.

Mars Observer ilikuwa na ugonjwa unaofanana, ilijengwa kwa kutegemea sana vifaa vya setelaiti za kuzunguka Dunia, na safari ya miezi kumi na moja kwenda Mirihi ni mambo mengine. Kitu kikifanya kazi mazingira fulani umethibitisha mazingira hayo tu. Na vifaa viwili vinavyofanana, kimoja cha akiba, vinakukinga na bahati mbaya, havikukingi na kosa la mchoro maana vyote viwili vinalo.

"Roboti za mabilioni zina kompyuta za kizamani, ubahili gani huu"

Perseverance, kigari cha NASA cha Mirihi, dola bilioni 2.7, inaendeshwa na prosesa ya RAD750, kasi yake megahezi 200, familia moja na prosesa za kompyuta za mezani za miaka ya tisini. Hiyo prosesa moja bei yake ni mamia ya maelfu ya dola, kwa hiyo futa neno ubahili. Unalipia kuvumilia mionzi na rekodi ndefu ya kutozingua.

Lakini angalia ilichobeba tumboni. Ingenuity, helikopta ndogo ya kilo 1.8, ilitumia chipu ya simu, Snapdragon 801, yenye kasi kuzidi ya bosi wake mara kumi na zaidi. Iliruhusiwa kwa sababu ilikuwa ya majaribio, ikifa gari linaendelea na kazi zake, ndo maana likaishusha likasogea pembeni kwanza. Ilipangiwa kuruka mara 5 ndani ya siku 30, ikaruka mara 72 mpaka Januari 2024. Misheni moja, viwango viwili vya hatari, na hakuna aliyekosea.

"Kikianguka hela imepotea bure"

Kwanza hela haikupelekwa Mirihi, ililipwa hapahapa duniani. Pili, kazi ya kufikiri inabaki. Cluster zilijengwa upya zikarushwa 2000. Chandrayaan-2, misheni ya India ya Mwezini, ilipoteza kitua chake (chombo cha kutua) Septemba 2019, wakapitia kila kitu kilichoweza kwenda vibaya, Chandrayaan-3 ikapewa miguu migumu zaidi, mafuta zaidi na eneo la kutua la kilomita 4 kwa 2.4 badala ya lile la mita 500 kwa 500. Ikatua Agosti 23, 2023. Genesis, iliyokuwa inarudisha sampuli za upepo wa jua, ilijibamiza jangwani Utah 2004 kwa sababu vitambuzi vya kufungulia parachuti vilifungwa kichwa chini, na bado wanasayansi waliokota vipande wakapata walichokitaka.

"Kampuni binafsi zimemaliza tatizo"

Zimehamisha tatizo. NASA siku hizi inanunua nafasi ya kupeleka vifaa Mwezini kwa bei iliyofungwa, kampuni ikipitiliza inajijua yenyewe, na toka mwanzo walisema wazi kwamba baadhi vitafeli. Peregrine ilivuja mafuta Januari 2024 haikufika, Odysseus ikatua Februari ikaanguka ubavu, Blue Ghost ikatua vizuri kabisa Machi 2025. Kwa vifaa vidogo hiyo bahati nasibu ni sawa.

Ila jaribu kuweka kwenye mpango huohuo kigari cha VIPER cha kutafuta barafu, ambacho NASA ilishatumia kama dola milioni 450. Hapo huwezi tena kusema kikianguka poa tu. Wakaagiza kitua chake kipimwe zaidi, ratiba ikasogea, gharama zikapanda, na Julai 2024 wakatangaza kuufuta mradi huku kigari kimeshaungwa chote. Kelele zikawa nyingi, na 2025 kazi ya kukipeleka ikapewa kampuni ya Blue Origin. Mi naona kosa lilikuwa kuoanisha mzigo wa kiwango kimoja cha hatari na usafiri wa kiwango kingine, na nitaangalia kama safari hii watakuwa na ujasiri wa kumwacha mkandarasi apime mpaka aridhike hata kama mwaka utapita.