Kukaza skrubu ya sailensi hakuponyi injini inayotetemeka

Gari la zamani likianza kutetemeka likiwa limesimama, au kuzimika kwenye foleni, wengi hukimbilia skrubu ya sailensi (ile inayopanga kasi ya injini gari likiwa limesimama) na kuikaza ili mzunguko upande. Mtetemo hupungua kweli, lakini ugonjwa umefichwa tu, na mafuta yanazidi kuliwa.

Injini nyingi za petroli za silinda 4, zikishapata moto, hutulia kwenye mizunguko kama 700 hadi 900 kwa dakika. Isipotulia, mimi ningeanza na hewa. Mipira ya vakyumu, yaani vibomba vya mpira vinavyopitisha mvuto wa hewa wa injini, hukauka kwa umri na kupasuka, hasa pale mwishoni inapovikwa kwenye bomba. Ikunje kidogo na ufa utajionyesha. Hewa ikipenya hapo, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha na injini inamisi, yaani haiwaki sawasawa. Injini ikiwa inanguruma, bana mpira mmoja mmoja karibu na manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda): ukifika kwenye unaovuja, mlio hutulia. Uliokauka kabisa usiubane, ubadilishe.

Kisha kagua plagi, waya zake, na masizi kwenye throtoli, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Skrubu iguswe mwisho, kwa kipimo cha mtengenezaji.