Kirusi cha korona hakiingii mapafuni kwa nguvu zake pekee

Wengi huamini kwamba kirusi cha korona kikishavutwa kwa pumzi hujipenyeza chenyewe katika seli yoyote ya mapafu. Sivyo. Kinategemea protini za seli zetu wenyewe.

Kwanza mwiba wake, yaani protini iliyochomoza juu ya kirusi, hushika ACE2, protini iliyo kwenye utando wa baadhi ya seli tu. Katika vifuko vya hewa ni hasa seli za aina ya pili, zile zinazotoa majimaji yanayozuia vifuko visisinyae. Lakini kushika hakutoshi: mwiba lazima ukatwe, na mkasi ni wa mwenyeji, kimeng'enya TMPRSS2 kilicho juu ya seli. Ukishakatwa, utando wa kirusi huungana na wa seli, RNA, yaani chembe za urithi za kirusi, ikaingia. Pasipo TMPRSS2, kirusi humezwa ndani ya kijifuko chenye asidi, na huko kimeng'enya kingine, katepsini L, ndicho hukata.

Hapo ndipo klorokwini, dawa ya malaria, ilipowapotosha watu mwaka 2020. Hupunguza asidi hiyo, hivyo ilizuia maambukizi katika seli za figo za tumbili, ambazo hazina TMPRSS2 ya kutosha. Kwenye seli za mapafu ya binadamu zenye TMPRSS2 haikufua dafu.

Kuna dhana nyingine, na hii ni ya hatari zaidi: kwamba dawa za shinikizo la damu zinazozuia ACE, kimeng'enya kinachosaidia kupandisha shinikizo hilo, huzidisha ugonjwa wa korona. ACE na ACE2 ni vimeng'enya tofauti, na majaribio ya wagonjwa waliolazwa hayakuonyesha faida ya kuziacha. Usizikatishe bila daktari.